Siti ya rili imezunguka mkononi: tazama pengo kabla ya kulaumu gundi

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kilifi, navua kwa rodi nikiwa mwambani, na mara nyingine kwenye boti ya mjomba. Nimejitengenezea rodi yangu ya kwanza ya kurusha popa, kile chambo bandia kinachoelea, nikiwatafuta kolekole. Blanki, yaani fimbo yenyewe ya rodi, ni ya kaboni, kipande kimoja, na pale panapokaa siti ya rili, kile kishikio ambacho rili inafungwa juu yake, ina kipenyo cha milimita 15.4. Rili yangu ni kubwa, saizi ya 14000, kwa hiyo nilinunua siti namba 20. Pengo nililijaza kwa tepu ya karatasi, kisha nikabandika kwa ile epoksi ya dakika tano. Safari ya pili kolekole alikula, na nikiwa katikati ya kumvuta siti ikazunguka, rili ikalala ubavuni. Samaki nikampoteza. Nadhani gundi ilikuwa mbovu. Je, nitoboe siti nitie gundi nyingine kwa sindano, au ning'oe yote? Na rafiki yangu ana blanki ya milimita 17.2 na siti namba 17. Anataka kuipiga msasa blanki hadi iingie. Ni sawa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kolekole wako. Naanza na la rafiki yako, maana huenda ninapoandika haya msasa uko mkononi mwake. Mwambie auweke chini. Blanki ya kaboni ni mrija wa nyuzi nyembamba zilizoshikanishwa kwa resini, na rodi inapopinda, nyuzi za nje kabisa ndizo zinazobeba mkazo mkubwa kuliko zote. Ili siti namba 17 iingie na kubaki na nafasi ya gundi, itambidi aikwangue blanki mpaka ifike 16.8 hivi, yaani sehemu mbili za kumi za milimita kila upande. Kwa jicho ni kidogo. Lakini hizo ndizo nyuzi za nje, na mahali penyewe ndipo pabaya kuliko pote: ukingo wa siti, pale ambapo mrija unaopinda unakutana na kitu kisichopinda. Blanki iliyokwanguliwa hapo haivunjiki siku ya kwanza. Inasubiri samaki mkubwa.

Kinachopunguzwa ni siti. Namba iliyoandikwa kwenye siti ni kipenyo cha tundu lake kwa milimita, ila ni ya kukadiria. Achukue venia, kile kipimio cha taya mbili, apime mwenyewe, mdomo mmoja na mdomo wa pili. Anataka tundu la 17.4 au 17.5, kwa hiyo ana robo milimita tu ya kuondoa kila upande, na plastiki ngumu ya siti hizi inavumilia hiyo. Atafute kijiti cha mviringo chenye unene wa kidole kidogo, akipasue ncha kwa msumeno, achomeke ulimi wa msasa namba 80 kwenye ule mpasuo na auzungushie kijiti. Kisha asugue ndani kwa mkono, akiigeuza siti kila baada ya muda ili tundu lisipanuke mdomo mmoja tu. Biti ya drili asiiguse kabisa: inang'ata plastiki, inaenda mshazari, na mara nyingi inapasua siti pale kwenye hesi, ambapo ukuta ni mwembamba kuliko kwingine. Ningekuwa mimi, nikiona ninahitaji kuondoa zaidi ya nusu milimita kila upande, ningenunua namba inayofuata nikaacha kuhangaika.

Sasa lako. Chukua 20, toa 15.4, gawa kwa mbili. Pengo lako ni milimita 2.3 kuzunguka blanki yote. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi ina unene wa sehemu kama moja na nusu za kumi za milimita, hivyo uliizungusha zaidi ya mara kumi na tano. Siti yako ilikaa juu ya kitunguu cha karatasi. Gundi uliyoipaka juu ilishika siti na lile ganda la mwisho la kitunguu, na basi. Ganda la kwanza lilishikwa na blanki kwa gamu ya tepu yenyewe, na maganda yote ya kati yameshikana kwa gamu hiyohiyo. Na gamu ile, mwanangu, imetengenezwa makusudi ibanduke bila kuondoka na rangi ya ukuta! Ongeza maji ya chumvi yanayopenya pembeni, karatasi ikalowa, ikavimba, ikakauka, ikalowa tena. Hata ungetumia gundi bora kuliko zote duniani, karatasi ingeteleza ndani yake.

Tena wengi hudhani ni samaki anayeizungusha siti. Kwenye rodi kama yako rili inaning'inia chini ya blanki na mshipi unapita chini vilevile, kwa hiyo mvuto wa samaki huisaidia rili kubaki chini. Anayeizungusha ni mkono wako unapopiga rili: mpini wa rili uko mbali na blanki, na kila mzunguko unausukuma huku na kuuvuta kule. Nguvu hiyo si kubwa. Gundi iliyoenea vizuri kwenye siti ya sentimita 13 inaibeba mara nyingi na kubaki. Ndiyo maana siti ikizunguka mimi simtafuti mchawi kwenye kopo la gundi kwanza. Natazama nini kilikuwa kati ya siti na blanki.

Tepu ya karatasi si haramu. Pengo likiwa dogo, tuseme nusu milimita kila upande au chini ya hapo, unazungusha vipete vyembamba vya upana wa nusu sentimita, vitatu au vinne, ukiacha nafasi kubwa kati yake. Kazi ya vipete hivyo ni kuiweka siti katikati basi. Mzigo unabebwa na gundi iliyojaa kwenye zile nafasi. Unaacha pia mpasuo mdogo katika kila kipete ili gundi ipite kutoka chumba kimoja hadi kingine, na vipete vya mwishoni unavirudisha ndani kidogo ili gundi ivifunike visikutane na maji. Pengo likizidi hapo unahitaji kitu kigumu, kile ambacho mafundi wa magari wangekiita bushi, na mimi nalitumia neno lao kwa sababu kazi ni ileile.

Narudia neno kigumu kwa sababu nimeumia nalo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikata pete kutoka kwenye soli za ndala, nikazivalisha kwenye blanki moja baada ya nyingine, siti ikaingia kwa kubana vizuri mno. Mezani ilikuwa imara. Baharini, jodari wa kwanza alipovuta, mpira ule ulijibonyeza upande mmoja, gundi iliyouzunguka ikapasuka vipandevipande, na mteja akarudi na rodi ambayo rili yake inacheza kama jino la mtoto. Nilimtengenezea upya bila malipo. Kizibo cha chupa nacho ni laini kwa rodi kama yako, ingawa kwenye rodi nyepesi za changu kinatosha kabisa.

Umeuliza habari ya kutoboa na kutia gundi kwa sindano. Njia hiyo ipo na nimeitumia, kwenye boti, mbali na pwani, ili mtu amalize siku yake. Unatoboa matundu mawili madogo pale yatakapofichwa na mguu wa rili, unazungushia kipande cha tepu kwenye biti kuonyesha kina ambacho hutakiwi kukipita, kisha unasukuma epoksi nyepesi mpaka itokee tundu la pili. Lakini kwako itaingia wapi? Itaingia ndani ya karatasi. Utakuwa umekitia kitunguu mchuzi, na kitunguu bado kipo. Na biti ikiteleza ikagusa kaboni, blanki umeipoteza. Kwa rodi ya kupigana na kolekole, ng'oa.

Habari njema ni kwamba siti yenyewe nadhani itapona. Ringi za mshipi tayari umezifunga, kwa hiyo siti haiwezi kupitia mbele. Njia ni ya nyuma tu, na hapo mpini wa nyuma umeziba. Huo wa sponji ngumu utaukubali uende. Uchane kwa wembe kwa urefu, polepole, ukisimama kabla wembe haujagusa blanki, kisha uubandue kwa vidole. Mpini wa mbele uache ulipo. Ukishafungua nyuma, mimina maji ya moto juu ya siti kwa dakika chache, vaa glavu, izungushe huku ukiivuta nyuma. Kwa kuwa imeshaachia, karatasi itakatika na siti itatoka na maganda yake. Nimesema maji ya moto. Moto wenyewe usiutumie, wala bomba la kupuliza joto la mafundi rangi, kwa sababu resini ya blanki nayo ni epoksi, na ukiipikia mahali pamoja kwa joto kali unailegeza pamoja na gundi.

Ikigoma, ikate. Chora mistari miwili kwa urefu wa siti, mmoja juu na mwingine chini, upite nayo taratibu kwa bapa la msumeno wa chuma. Hapa ile karatasi yako nene itakulipa fadhila: ukiona weupe wake chini ya plastiki, simama, maana blanki bado iko milimita mbili chini. Ingiza bisibisi bapa kwenye mfereji, izungushe, siti itapasuka vipande viwili. Maganda ya tepu yaliyobaki yaloweshe kwa spiriti na uyakwangue kwa ukucha au kipande cha plastiki. Ukifika mahali pa kusugua kaboni, vaa barakoa na usugue kwa msasa uliolowa maji. Vumbi lile halifai mapafuni na linawasha ngozi siku nzima.

Kabla hujaendelea, tumia nafasi hii. Siti haina gundi, mpini wa nyuma haupo. Kama rili ilikuwa inakuelemea mbele au kisigino cha rodi kilikuwa kinakugonga mbavu, sasa ndiyo siku ya kuisogeza sentimita mbili tatu. Funga siti kwa tepu kwa muda, weka rili yenye mshipi wake wote, kitie kisigino chini ya kwapa, urushe kwa mawazo mara ishirini. Usiazime vipimo vya mtu, mikono haifanani. Ukiwa na nia ya kuandikisha rekodi siku moja, kanuni za IGFA, shirika la kimataifa linaloandikisha rekodi za uvuvi wa michezo, zinapima kutoka chini ya katikati ya rili: kwenda nyuma usizidi sentimita 68.58, na kwenda kwenye ncha isipungue sentimita 101.6. Rodi ya popa huwa ndani ya hapo bila shida. Rodi ndefu za kurushia kutoka ufukweni vipimo hivyo haviwahusu wenye nazo.

Nyenzo ya bushi. Mafundi wa nje wana bushi zilizo tayari, za mrija wa kaboni au za povu gumu ambalo unalitoboa kwa tupa ya duara hadi saizi yako. Ukipata mtu wa kukuletea, chukua. Lakini mimi kwa miaka mingi nimetumia kitu kinachouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Malindi hadi Tanga: ile tepu ya wavu ya mafundi wa jipsamu, wanayoziba nayo maungio ya dari. Wavu ule ni nyuzi za kioo, ndugu wa faiba ya boti. Ukiuzungusha ukiwa umelowa epoksi, unapokauka unakuwa mrija mgumu ulioshikamana na blanki kama umezaliwa nao. Hauozi, hauvimbi, na matundu yake yanaipa gundi pa kushika.

Pima kwanza blanki mwanzo na mwisho wa eneo la siti. Utakuta nyuma ni nene kidogo kuliko mbele. Blanki nyingi huenda zikipungua. Weka alama pande zote mbili kwa tepu ya karatasi, hapo sasa imepata kazi yake. Ndani ya alama hizo piga msasa namba 220, ukiwa umelowa, mpaka mng'aro uondoke na si zaidi. Unaondoa mng'aro ili gundi ishike, huondoi nyuzi. Futa kwa spiriti safi na kitambaa cheupe, urudie mpaka kitambaa kibaki cheupe, kisha usiguse tena kwa vidole vyako, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha uiepuke, nyingi zimetiwa mafuta na manukato.

Kata wavu uwe vipande vya upana wa sentimita nne. Vitatu vitakupa sentimita 12, na kati yake acha nusu sentimita. Paka epoksi kwenye blanki, anza kuzungusha kipande cha kwanza kwa kukikaza, na kila mzunguko upake tena epoksi kwa brashi fupi ukiigonga mpaka weupe wa wavu upotee. Mahali palipobaki peupe ni pakavu, na pakavu ndipo patakapovunjika. Endelea hadi upite kidogo milimita 20. Upande wa mbele utahitaji mzunguko mmoja zaidi kwa sababu ya ule upungufu wa blanki. Usihesabu mizunguko, weka venia. Mwisho funga kwa ukanda wa nailoni laini uliokazwa vizuri, ubane epoksi ya ziada itoke, uache siku nzima.

Kesho yake ondoa nailoni. Sasa chukua ukanda mrefu wa msasa namba 120, uuvute huku na huku juu ya bushi kama mpiga viatu rangi, huku mwenzako akizungusha rodi taratibu. Unataka 19.7, kila mahali. Pima kila kipande kwa pande nne, kwa sababu bushi inaweza kuwa na kipenyo sahihi na bado ikawa yai. Siti ikiingia kwa kusukumwa na kidole na isitikisike hata chembe, acha. Ikihitaji nguvu, bado: gundi utakayoipaka itakwanguliwa yote mlangoni na ndani kutakuwa kukavu. Hili ndilo kosa la pili kwa ukubwa ninaloliona, na linawapata wale walio makini, wanaopenda vitu vibane.

Tundu la siti nalo lisugue kwa msasa namba 80 mpaka liwe na mikwaruzo kote. Siti hutoka kwenye kalibu, na plastiki ya kalibu ina uso laini ambao gundi huuteleza. Lifute kwa spiriti.

Sasa gundi, ile uliyoilaumu. Epoksi ya dakika tano ni ya kushikiza, si ya kubeba. Inaogopa maji zaidi kuliko ile ya polepole, na inaanza kulegea kwenye joto ambalo siti nyeusi iliyoachwa juani juu ya boti mwezi wa Februari hulifikia bila taabu. Tumia ile ya saa 24, nzito kama asali iliyoganda, isichuruzike. Pima sehemu mbili kwa usahihi kama kopo lilivyoagiza, na uangalie kama limeagiza kwa ujazo au kwa uzito, hayo ni mambo mawili tofauti. Changanya dakika mbili nzima kwa kijiti bapa ukikwangua kuta za chombo, halafu imimine juu ya kigae uitandaze. Epoksi ikirundikana kwenye kikombe hujipasha moto yenyewe na kuganda kabla hujageuka. Na kumbuka maelekezo ya kopo yameandikwa kwa chumba chenye nyuzi 20 na kidogo. Kila joto likipanda nyuzi 10, muda wako wa kufanya kazi unapungua karibu nusu. Kwa kaskazi ya kwetu mimi nabandika alfajiri.

Funika hesi za siti kwa tepu ili gundi isiingie. Paka gundi kwenye bushi yote, ujaze zile nafasi mbili za katikati, paka na ndani ya siti kwenye mdomo unaotangulia. Ipitishe kutoka nyuma huku ukiizungusha kushoto na kulia ili gundi ienee na hewa itoke. Gundi inapaswa kutokeza mbele pande zote. Isipotokeza, itoe, ongeza, rudisha. Usione uvivu hapa, hutapata nafasi nyingine. Futa iliyozidi kwa kitambaa chenye spiriti.

Halafu kunyoosha. Kwa rodi mpya tunabandika siti kwanza, ringi zikaifuata baadaye. Wewe ringi zimeshafungwa, kwa hiyo siti ndiyo itakayozifuata. Laza rodi juu ya viti viwili, funga rili, kaa nyuma ya kisigino uchungulie kama anayelenga bunduki: shingo ya rili na miguu ya ringi viwe mstari mmoja. Usitazame ringi ya kwanza tu, tazama mpaka ya nusu ya rodi, kwani ringi ya kwanza ni kubwa na hudanganya jicho. Rekebisha kwa kugusa kidogo, toa rili, subiri dakika kumi, chungulia tena. Siti nzito hupenda kugeuka polepole gundi ikiwa bado mbichi. Mimi hurudi mara tatu kabla ya kuiacha.

Kofia ya hesi inayokaza mguu wa rili ikae mbele au nyuma? Jaribu zote mbili kabla ya gundi, uchague ile ambayo hesi zake hazikukeri vidole. Wapo wanaobishana juu ya hili usiku kucha. Nimeona siti za namna zote mbili zikileta samaki ufukweni.

Umetaja boti ya mjomba, nikaona niseme neno juu ya siti za chuma, kwa sababu wengi wakishapata tatizo kama lako hukimbilia alumini. Ni nzuri, hasa kwa rodi za troli, zile za kukokota chambo nyuma ya boti. Lakini kaboni hupitisha umeme, na alumini ikigusana na kaboni ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, kama inavyoliwa zinki tunayoifunga chini ya boti. Utaona unga mweupe ukichungulia ukingoni, na siku moja siti inabaki mkononi mwako. Kinga yake ni hiyohiyo bushi ya nyuzi za kioo na tabaka la gundi lisilo na mwanya, ili vitu viwili hivyo visikutane popote. Rodi za zamani za mjomba, kama ni za faiba, hazina ugonjwa huo; zao ni chumvi kwenye hesi, nati ikashikamana. Iloweshe kwa maji ya uvuguvugu na siki usiku kucha kabla ya kumpelekea koleo.

Mpini wa nyuma ukisharudi, ziba kiungo cha siti na mpini, mbele na nyuma, kwa pete nyembamba ya epoksi ili maji yasipate mlango. Acha siku mbili, hata kama kopo limesema moja. Kisha, kabla ya kwenda kwa kolekole, funga mshipi kwenye mnazi na mizani ya kuning'iniza, weka breki ya rili kilo tano, rudi nyuma ukiwa umepinda rodi huku unapiga rili. Kisha kilo nane.

Na chora mstari mmoja mwembamba wa rangi ya kucha, ukianzia kwenye siti na kuvuka hadi kwenye mpini wa mbele, upande wa chini ambako hauonekani. Kila ukirudi kutoka baharini, ukilegeza nati na kuosha rodi kwa maji baridi, utazame mstari huo. Ukiwa mzima, siti haijasogea. Ukikatika hata kwa unywele, niletee kabla ya safari nyingine.